Milimita Nne za Chuma

Kiwandani kwetu sindano ikikatika, mashine ile inazimwa. Mshonaji ananyoosha mkono, msimamizi anakuja, na vipande vinatafutwa mezani, sakafuni na ndani ya mshono, kwa sumaku yenye mpini mrefu kama wa ufagio. Vikipatikana vinaletwa kwangu kwenye kidirisha. Navipanga juu ya karatasi, navibana kwa selotepu, napima kama vikiunganishwa vinatimiza sindano nzima, mshonaji anatia sahihi, ndipo natoa mpya. Kipande kimoja kikikosekana, hata kiwe chembamba kama unywele, sanduku zima la nguo linafunguliwa na kukaguliwa upya, maana nguo zile ni za watoto.

Nimekaa kwenye kidirisha hicho miaka kumi na mmoja. Wananiita Mama Sindano. Wapo wanaosema hata mume wangu akitaka shati safi nyumbani, lazima kwanza alete lile chafu na vifungo vyake vyote.

Aliyeanzisha utani huo ni mdogo wangu. Alikuwa anashona kola, mstari wa tatu, na jina lake la kiwandani lilikuwa Chapu, kwa kuwa alishona upesi, akaongea upesi, na alipokuja kuchukua sindano alitia sahihi huku miguu imeshageuka kuondoka. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Sasa ni miezi minane tangu tumzike.

Kilichomuua ni jino. Naliandika hivyo kwa sababu watu nikiwaambia huniuliza mara ya pili. Lilikuwa jino la chini upande wa kulia, la pili kutoka mwisho. Usaha ulishuka kutoka kwenye mzizi, ukaingia chini ya ulimi, ukashika shingo, na ile sukari aliyokuwa akiinywea vidonge kwa miaka minne ikaupa nguvu. Siku ya kwanza alikuwa na uvimbe wa shavu. Siku ya tatu hakuweza kumeza mate wala kuvuta pumzi vizuri, na hospitali walipomfungua njia ya hewa tulikuwa tumeshachelewa.

Daktari kijana wa hospitali ile aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akasema, "Jino hili lilishafunguliwa na mtu. Nani alilifungua?" Kisha akasogeza picha karibu na macho. "Na hapa kuna kitu kinang'aa."

Nikamwuliza, "Kitu gani? Chuma?"

"Inaweza kuwa dawa ya kujazia. Dada, kwa sasa hilo siyo tatizo letu kubwa."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kwa mtu wa kazi yangu, kitu kinachong'aa mahali ambapo hakitakiwi ni kipande cha chuma tu, mpaka ithibitike vingine.

Ndani ya pochi ya Chapu nilikuta kadi ya kliniki ya meno. Tarehe ya kwanza ilikuwa na alama ya vema. Tarehe ya pili, wiki moja baadaye, haikuwa na alama yoyote. Nilimwonyesha mama. Mama aliishika kadi ile muda mrefu, akasema, "Huyu daktari amemwachia mwanangu chuma mdomoni, akanyamaza." Tangu siku hiyo hakubadilisha neno. Alitaka niandike barua kwa baraza linalosimamia madaktari wa meno, daktari huyo afungiwe kazi. "Wewe ndiye uliyemaliza sekondari," aliniambia, "andika uzuri."

Nikaiandika, kurasa mbili. Ilikuwa tayari imekunjwa, imebaki kutiwa sahihi yangu na kupelekwa. Lakini kila nilipoishika kalamu nilijiona kama msimamizi anayeandika kwamba kipande hakipo kabla hajapitisha sumaku. Nilitaka nijue mwenyewe kwanza. Chuma kilikuwemo au hakikuwemo? Na kama kilikuwemo, alimwambia au alimficha?

Jino langu ndilo lililonipa njia. Nalo lilikuwa limeoza siku nyingi, la chini kushoto. Lilianza kwa kushtuka na maji ya baridi, likaendelea kuuma lenyewe bila kuguswa, halafu likaota kipele kwenye ufizi ambacho kilipasuka na kujaa tena. Baada ya yaliyompata Chapu, mtu mwenye akili angekuwa ameshalitibu. Mimi nililiogopa, nikalificha. Sasa nikalichukua nikalipeleka kwenye kliniki ileile, na kwenye fomu nikaandika jina la ukoo wa mume wangu ili nisijulikane.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, kwa hiyo ngazi zilinuka rangi na chumba cha kusubiri kilinuka karafuu. Viti vya plastiki vilikuwa vimefungwa pamoja kwenye chuma kimoja. Mmoja akikaa, wote mnatikisika. Ukutani palikuwa na picha ya jino lililopasuliwa katikati. Mpokezi, mama mnene mwenye sauti iliyozoea wazee wasiosikia, aliisoma fomu yangu, akanitazama, akaisoma tena.

"Tumewahi kuonana?" akauliza.

"Hapana."

"Una sura ya mtu."

"Kila mtu ana sura ya mtu," nikasema. Akacheka, lakini aliendelea kunitupia jicho mpaka nilipoitwa.

Daktari alikuwa wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba kisogoni. Alinipiga picha ya jino, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kueleza bila kuulizwa, jambo ambalo halikunipendeza. Fundi anayejieleza sana huwa ana kitu.

"Jino siyo jiwe," alisema. "Katikati yake kuna mfereji unaoshuka mpaka ncha ya mzizi, na ndani ya mfereji kuna nyama laini, damu na mshipa wa fahamu. Uozo wako umefika humo. Ile nyama imekufa, imegeuka usaha, na usaha unatafuta pa kutokea. Hicho kipele chako ni mlango wa nyuma."

"Kwa hiyo?"

"Njia mbili. Kung'oa, au kulifungua kwa juu, nitoe ule uozo, nisafishe mifereji mpaka chini, niijaze na kuiziba. Jino linabaki lako, ila limekufa. Halitasikia baridi wala moto."

"Mara ngapi nitakuja?"

"Mbili. Pengine tatu."

"Kwa nini isiwe moja?"

"Kwa sababu mle ndani mimi mwenyewe sioni, nafuata kwa mkono. Leo nasafisha, naweka dawa ya kuua wadudu, nafunga kwa muda. Wiki ijayo naangalia kama pamekauka. Nikijaza juu ya usaha, nimefungia mwizi ndani ya nyumba."

Yote yalikuwa na maana, na yote yangeweza kusemwa na mwongo. Njoo wiki ijayo: nani hajaambiwa maneno hayo na fundi wa redio, wa viatu, wa bomba? Nikalala kwenye kiti nikiwa nimeamua kitu kimoja tu, kwamba nitahesabu.

Alinichoma ganzi. Mpokezi, ambaye kumbe ndiye pia msaidizi wake, alivaa glovu akaja kusimama upande wangu wa kushoto. Wakanifunika mdomo kwa kipande cha mpira wa kijani chenye tundu moja, jino likatokeza hapo peke yake kama kichwa kwenye shingo ya fulana.

"Hii ni kuzuia kitu kisidondokee kooni," alisema daktari.

Nikalitia hilo moyoni. Kumbe hudondoka.

Juu ya sinia palikuwa na sponji, na kwenye sponji zimechomekwa sindano saba fupi zenye vichwa vya rangi. Yeye aliziita faili. Alisema ni tupa ndogo za kukwangulia mfereji. Zambarau, nyeupe, njano, nyekundu, buluu, kijani, nyeusi. Saba. Nilizihesabu kabla hajaanza, nikazihesabu tena wakati mashine inalia. Alianza na nyembamba kabisa. Alipima urefu wake kwenye rula, akaingiza, akazungusha kidogo kwa vidole viwili, akatoa, akaipangusa, akaitazama kwenye taa. Kifaa kidogo kilichofungwa kwa waya pembeni ya mdomo wangu kililia taratibu, halafu harakaharaka alipokaribia ncha ya mzizi. Katikati alisukutua kwa maji yanayonuka kama dawa ya kung'arishia nguo.

Akaja kwenye nyeupe. Aliizungusha, akaitoa, akaitazama mara mbili. Hakuirudisha kwenye sponji. Mkono wake ulishuka chini ya usawa wa macho yangu na niliposikia kitu kikigonga chuma, sponji ilikuwa na sita.

Nikamshika kifundo cha mkono.

"Inauma?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Kwa ule mpira sikuweza kutamka. Nikanyoosha vidole saba. Halafu sita. Halafu nikaelekeza sponji.

Akamtazama mpokezi, na mpokezi akanitazama mimi. "Daktari," alisema mama yule, "nadhani anakuhesabia."

Hakukasirika, au hakuonyesha. Aliinua kibakuli cha chuma kilichokuwa chini ya sinia, akaitoa ile nyeupe kwa koleo, akailaza kwenye rula mbele ya macho yangu. Ilikuwa nzima. Akaisogeza kwenye taa. Karibu na ncha, zile nyuzi za msokoto zilikuwa zimeanza kuachana, kama uzi unaofumuka.

"Ikifikia hivi, naitupa. Ukiizungusha tena inakatika ndani." Akaniachia niitazame mpaka nilipoachia mkono wake. "Mama unafanya kazi wapi?"

Hakupata jibu mpaka alipomaliza, akaweka dawa, akaziba juu kwa kitu cheupe kama chokaa mbichi na kunivua ule mpira. Nusu ya mdomo wangu ilikuwa imelala. Nilimwambia kazi yangu. Nikamwambia na sheria ya kipande kinachokosekana. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la busara.

"Imewahi kukukatikia?" nikauliza.

Nilijua nitakachofanya akisema haijawahi. Ningeshuka zile ngazi, niende nyumbani, nitie sahihi barua.

Alivua glovu kwanza. "Imewahi. Mara mbili tangu nianze kazi. Ya mwisho ni ya hivi karibuni."

"Mwenye jino alijua?"

"Nilimwambia papo hapo, akiwa kwenye kiti hicho."

"Akasema nini?"

"Alisema atarudi. Hakurudi."

Nikatoa kadi ya Chapu kwenye mkoba, nikaiweka juu ya sinia. Aliisoma, akanitazama. Nyuma yangu mpokezi alisema kwa sauti ya chini, "Ndiyo ile sura."

"Ni nani kwako?"

"Mdogo wangu. Alikufa kwa jino hilo."

Alikaa kwenye kigoda chake cha magurudumu na kigoda kikarudi nyuma kidogo kwa uzito wake. Aliniuliza lini, na uvimbe ulianzia wapi, na siku ngapi, na kama alikuwa na homa. Nilimjibu nikiwa namwangalia. Nilifikiri: anatafuta dirisha la kutokea.

"Nataka kuona karatasi zake," nikasema.

"Kadi ya mgonjwa simwonyeshi mtu mwingine."

"Mgonjwa yuko kaburini."

"Ninaelewa. Lete cheti cha kifo na kitambulisho chako, Jumanne utakaporudi. Nitakuonyesha kila kitu."

Mama nilimkuta anasubiri. Nilipomweleza, aligonga kiganja kwa kiganja. "Jumanne? Umempa wiki nzima? Mwanangu, wewe ungemwachia mtu daftari lako la sindano wiki nzima baada ya kumwambia umemshtukia?"

"Nisingemwachia."

"Basi utaonyeshwa kadi mpya, wino bado haujakauka."

 Nililifikiria hilohilo njiani.

Wiki ile kazini nilitoa sindano, nikabana vipande, na jino langu likanyamaza. Siku ya pili lilikuwa zito tu. Siku ya tatu nililitafunia mkate kwa kuiba, nikijaribu, na halikusema kitu. Kipele kilikauka. Ijumaa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu nyuma ya kidirisha, nilijikuta nawaza: sasa narudi kufanya nini?

 Maneno hayo nilikuwa nimeshayasema, mahali hapohapo, kwa mtu mwingine.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya oda kubwa. Chapu alikuja na vipande viwili vya sindano kwenye kiganja. Shavu lake lilikuwa la kawaida.

"Dada," alisema, "lile jino limenyamaza kabisa. Nirudi kweli?"

"Likishanyamaza wanakurudisha ya nini? Hao ni kama mafundi redio, mteja hawamwachi."

"Lakini kasema nirudi."

"Kasema yeye. Wewe mwenye jino unasemaje?"

Akacheka. Akatia sahihi, akachukua sindano, halafu akasimama kidogo, yeye ambaye hakuwahi kusimama. Nilidhani anataka hadithi. Nikamwambia, "Nenda, msimamizi anakutazama." Akaenda.

Miezi minane nilipitisha sumaku chumba kizima, sikupitisha chini ya kigoda changu.

Jumanne nilirudi na cheti. Sitaki kusema nilirudi kwa sababu ya jino. Nilirudi kwa sababu ya kadi. Daktari alitoa bahasha ya kaki iliyozibwa, mdomo wake umepigwa mhuri na kutiwa sahihi mbili, na tarehe ya siku ile niliyoondoka.

"Niliifunga siku hiyohiyo, mbele ya mama huyu," alisema. "Nilijua utakachokifikiria."

Bahasha yoyote inaweza kupigwa mhuri siku yoyote, niliwaza. Akaipasua.

Picha ilikuja kwanza. Jino la mdogo wangu, kubwa kama mkono kwenye kioo cha kompyuta, na ndani ya mzizi mmoja, karibu na ncha, mstari mdogo mweupe ulionyooka.

"Ni hicho," alisema daktari.

"Urefu wake?"

"Milimita nne."

Kwetu haitoki nguo yenye kipande cha nusu milimita. Mdogo wangu tulimvika, tukamswalia, tukamshusha na milimita nne za chuma.

Kadi ilikuwa na mwandiko mbaya wa daktari, lakini nilisoma neno kwa neno. Ncha ya faili imekatika ndani ya mzizi. Mgonjwa ameelezwa. Atarudi baada ya siku saba kujaribu kukipita kipande kwa pembeni, ikishindikana apelekwe hospitali kubwa yenye hadubini, au jino ling'olewe. Ana sukari, asicheleweshe. Mgonjwa amekubali. Chini yake sahihi.

Niliinamia ile sahihi. Kwa miaka minne Chapu alitia sahihi mbele yangu, wiki nyingine mara tatu. Mstari unapanda, kitanzi kimoja, halafu nukta mbili ambazo hakuna aliyejua ni za nini, na nukta ya pili siku zote iligusa mstari kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshaanza kuondoka. Mtu anayeigiza huiweka nukta mahali pake. Nilitafuta kosa kama ninavyotafuta kwenye daftari langu. Nukta ya pili iligusa mstari.

Alijua. Aliambiwa, akatia sahihi, akaja kwenye kidirisha changu na kuniuliza kama arudi, na kile kipande hakukitaja.

"Tulimpigia simu mara mbili," alisema mpokezi, akinionyesha tarehe pembeni ya kadi. "Mara zote mbili alisema kazi imembana, atakuja."

Chini ya namba ya Chapu palikuwa na namba nyingine iliyokatwa kwa mstari. Namba yangu.

"Hii mliifuta nyinyi?"

"Aliifuta mwenyewe. Nilimwambia tunahitaji namba ya ndugu. Alipoelezwa habari ya kile kipande akaomba kalamu. Akasema, 'Mkimwambia dada yangu kuna sindano imebaki humu, atakuja hapa na sumaku.' Tulicheka wote."

Nami nilicheka. Kilinitoka kabla sijakizuia, kicheko kifupi, ndani ya chumba kile, picha ya jino lake ikiwa bado kwenye kompyuta. Sauti yake ilikuwa imo kabisa katika maneno yale. Kisha nikaiinamia tena ile sahihi.

"Ndicho kilichomuua?" niliuliza baadaye. "Kile kipande?"

"Chuma chenyewe hakina sumu. Wapo watu wanazeeka nacho. Kilichomuua ni usaha uliokuwa nyuma yake, ambao hatukuumaliza. Maumivu yalikwisha kwa sababu mshipa ulikuwa umeshakufa, siyo kwa sababu amepona." Alivua miwani, ikabaki ikining'inia kwa kamba. "Na mimi nilijua ana sukari. Ningeweza kupiga mara ya tatu. Sikupiga."

Niliitazama mikono yake aliposema hivyo, kwa sababu uso wa mtu hufundishika. Mikono ilikuwa imetulia juu ya magoti. Sikujua kama ananiambia ukweli au ananilainisha. Mpaka leo sijui kwa asilimia mia. Lakini kile nilichokwenda kukitafuta nilikuwa nimekipata, na barua yangu ilisema amemficha.

Nikapanda kwenye kiti. Alifungua jino langu, akaingiza kijikaratasi chembamba kilichochongoka, akakitoa, akakinusa, akanionyesha. Ncha yake ilikuwa imelowa.

"Bado kuna majimaji. Siwezi kujaza leo. Nabadilisha dawa, uje Jumanne ijayo."

"Haliumi," nikasema.

"Najua."

Aliposafisha tena sikuhesabu. Au nilihesabu mara moja tu, mwanzoni.

Nilimkuta mama mchana ule anakunja nguo zilizoanuliwa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Hakuniuliza mpaka alipomaliza foronya.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Kipande kimo."

"Nilikwambia."

"Alijua, mama. Aliambiwa siku ileile. Kuna sahihi yake."

"Sahihi inaigizwa."

"Hii haikuigizwa."

Alichukua shuka, akaninyooshea ncha mbili nishike. Tukalivuta, tukalikunja kati, tukasogeleana kuunganisha ncha.

"Kama aliambiwa, mbona hakurudi?" alisema.

Nilikuwa nimelipanga jibu ngazini, nikalipanga tena barabarani. Nikasema moja kwa moja. "Aliniuliza. Nilimwambia asirudi."

Mama hakuliachia shuka. "Siku gani?"

"Alhamisi. Wiki ya oda kubwa."

Alifikiri, midomo inatembea kama anahesabu siku. "Kwangu alikuja Jumapili yake," alisema. "Alikaa hapo ulipokaa. Akanionyesha kadi ile. Akasema, mama, dada anasema nisirudi, wewe unasemaje."

Alivuta ncha za shuka upande wake.

"Nikamwambia dada yako ana akili. Nikamwambia wasije wakaling'oa bure, jino zima lisilouma. Nikamchemshia maji ya chumvi asukutue."

Miezi minane alikuwa akiniuliza kila Jumapili kama nimetia sahihi barua. Nilitaka kumwambia kitu kikali, na nilitaka kumshika mkono, na mikono yetu yote ilikuwa imeshika shuka. Alilichukua kwangu, akalimalizia mwenyewe, akaliweka juu ya mengine na kulipangusa juu ingawa halikuwa na kitu.

"Ile barua usiipeleke," alisema.

"Siipeleki."

"Na lako umeambiwa urudi lini?"

"Jumanne. Lakini sasa haliumi kabisa."

"Sijakuuliza kama linauma." Alisogea dirishani, akavuta pazia lote pembeni. "Njoo hapa kwenye mwanga. Fungua mdomo."

Nilikwenda nikafungua. Alinishika kidevu kwa vidole vilivyonuka sabuni, akanigeuza upande wa kushoto, akakitazama kile kifuniko cheupe kwa muda mrefu, macho ameyakaza, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu ndani na hataki kukubali mpaka akione.